Askari wa Hiari katika Bonde la Songwe: Nani Alijitolea, na kwa Ajili ya Nani?

Mkoa wa Songwe una mito miwili yenye jina hilo moja. Songwe wa kwanza unateremka kuelekea Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wetu na Malawi. Songwe wa pili unatiririka kuelekea Ziwa Rukwa, na katika bonde la mto huo iko Galula, mahali penye misheni ya Kikatoliki iliyojengwa na Mapadre Weupe wakati wa utawala wa Wajerumani na kuitwa St. Moritz. Mapema mwaka 1917, hapo Galula, kikosi cha askari wa miguu kilichoitwa Rhodesia Native Regiment, yaani Rejimenti ya Wenyeji wa Rhodesia, kilizingirwa kwa siku kadhaa na jeshi la Wajerumani. Waliozingirwa walikuwa Waafrika. Waliowazingira walikuwa Waafrika. Waliotoa amri pande zote mbili walikuwa Wazungu.

Waingereza waliwahesabu askari wa rejimenti hiyo kuwa askari wa hiari. Hawakuchukuliwa kwa sheria ya kulazimisha watu kuingia jeshini. Kila mmoja aliandikishwa, akakubali masharti, akapewa sare na mshahara. Kwa hiyo, kwa lugha ya makaratasi, walijitolea. Sisi tunaouchunguza mfumo wa unyonyaji hatuwezi kuridhika na lugha ya makaratasi. Yatupasa tuulize: hiari hiyo ilitoka wapi? Ilimfaidia nani? Na je, sisi wenyewe, ambao neno "kujitolea" halitutoki kinywani, tumejifunza nini kutokana na historia ya askari wale?

Mpaka na watu wake

Vita havikuja Tunduma kwa bahati mbaya. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Uwanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulikatwa vipande viwili na watu ambao hawakuwahi kuuona, na mwaka 1898 tume ya mpaka ikaja kusimika alama ardhini. Wanyamwanga wakajikuta wamegawanyika: wa Tunduma wakawa watu wa Kaizari, na ndugu zao wa Nakonde, hatua chache tu upande wa pili, wakawa watu wa Kampuni ya British South Africa, kampuni ya Cecil Rhodes iliyotawala Rhodesia zote mbili kwa ajili ya faida ya wenye hisa zake. Wandali wa Ileje nao waligawanywa na mto. Karibu na Tunduma, upande wake, Kampuni ilikuwa na boma lililoitwa Fife.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, mpaka huo uliochorwa mezani Ulaya ukageuka kuwa mstari wa moto. Septemba 1914 Wajerumani waliishambulia Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, na tarehe 9 mwezi huo huo wakapigana na Waingereza huko Karonga. Katikati ya mwaka 1915 waliizingira ngome ya Saisi, kati ya Abercorn na Fife, wakashindwa kuiteka. Wakati wote huo mkulima wa Unyamwanga alikuwa na chakula kilekile ghalani, nacho kilitakiwa na majeshi mawili.

Hiari ya walowezi

Katika vita hivyo kulikuwa na aina mbili za askari wa hiari, nasi tutakosea sana tukizichanganya.

Aina ya kwanza ilikuwa ya walowezi wa Kizungu. Mwaka 1914 walowezi wa Rhodesia ya Kaskazini waliunda kikosi chao cha kujitolea, Northern Rhodesia Rifles, wakapanda hadi mpakani. Kutoka Afrika Kusini wakaletwa wengine, South African Rifles. Rhodesia ya Kusini nayo ikapeleka Afrika Mashariki rejimenti ya Wazungu watupu, 2nd Rhodesia Regiment, mwaka 1915. Watu hawa walijitolea kweli. Walikuwa na mashamba, migodi, vyeo na haki ya kupiga kura. Walipigania mali waliyokwisha kuipata, na walitumaini kuipata nyingine. Hiari yao ilikuwa hiari ya tabaka linalojua maslahi yake.

Tarehe 25 Mei 1916 Brigedia Jenerali Edward Northey alivuka mpaka na safu nne za jeshi, mojawapo ikiondokea Fife. Kabla mwezi huo haujakwisha, Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, ilikuwa mikononi mwake. Juni 1916 boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, nalo likaanguka. Lakini Mjerumani hakusalimu amri. Alirudi nyuma, akaingia porini, na vita vikawa vya kufukuzana. Hapo hiari ya walowezi ikakutana na malaria, kuhara damu na mvua. Rejimenti ile ya pili ya Rhodesia ilidhoofishwa na maradhi kuliko risasi, na mapema mwaka 1917 ikaondolewa kabisa katika uwanja wa vita. Wazungu wa Rhodesia walikuwa wachache, nao hawakuwa na wana wengine wa kupeleka. Ndipo walipomkumbuka Mwafrika.

Hiari ya mnyonge

Uamuzi huo haukuwa mwepesi kwao. Miaka ishirini tu ilikuwa imepita tangu Wandebele na Washona waliposimama kwa silaha dhidi ya Kampuni mwaka 1896 na 1897. Mlowezi aliogopa kumfundisha Mwafrika kulenga shabaha, maana alijua vizuri ni nani angekuwa shabaha siku moja. Lakini upungufu wa askari ulishinda hofu, na mwaka 1916 Rhodesia Native Regiment ikaundwa. Maofisa wake walikuwa Wazungu. Kamanda wake, Luteni Kanali Tomlinson, alitoka katika polisi ya Kampuni. Mwaka 1917 likaongezwa kundi la pili, na baadaye makundi hayo mawili yakaunganishwa.

Waandikishaji walitazamia kuwapata Wandebele, ambao Wazungu waliwaita kabila la mashujaa. Hawakuwapata kwa wingi waliotaka. Sehemu kubwa ya walioandikishwa, hasa katika kundi la pili, walikuwa wafanyakazi wahamiaji kutoka Nyasa, Rhodesia ya Kaskazini na Msumbiji. Watu waliokwisha kuacha makwao kwenda kutafuta fedha katika machimbo na mashamba ya Rhodesia ya Kusini. Jambo hili ndilo ufunguo wa habari yote.

Mtu huyo aliacha kwao kwa sababu gani? Kwanza, kodi. Katika Rhodesia ya Kusini kodi ya kichwa ilipandishwa hadi pauni 1 mwaka 1904, na katika nchi jirani kodi ya kibanda ilidaiwa kwa fedha, si kwa mahindi wala ulezi. Pili, fedha hiyo haikupatikana kijijini. Ilipatikana kwa mwajiri. Tatu, huko kwa mwajiri alibanwa na sheria za pasi na mikataba ya kazi, akilala katika kambi za machimbo ambamo homa ya mapafu iliwaua wengi. Mwandikishaji wa jeshi alipomfikia mtu huyu, hakuhitaji pingu. Kodi, pasi na machimbo vilikuwa vimekwisha kuifanya kazi ya pingu. Alichohitaji ni kutaja mshahara, chakula na sare.

Ndiyo kusema, hiari ya mnyonge huyu ilikuwa ni kuchagua kati ya shimo la mgodi na handaki la vita. Hatusemi kwamba hakuwa na akili, wala kwamba hakuwa na ushujaa. Wapo waliovutiwa na heshima ya bunduki, wapo waliotaka kuona nchi, wapo waliowafuata ndugu zao. Tunasema tu kwamba uwanja aliochagulia ulikuwa umezungushiwa ua na mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyevuna.

Wala tusidhani kwamba Waafrika wa wakati ule hawakuliona jambo hili. Novemba 1914, baada ya damu ya Karonga, mchungaji John Chilembwe wa Nyasa aliliandikia gazeti la walowezi barua ya kupinga Waafrika kumwaga damu yao katika vita visivyowahusu. Januari 1915 aliongoza uasi. Ukazimwa, naye akauawa. Kutoka Mto Songwe hadi Karonga si mbali. Mtu aliyeeleza ukweli huo mapema hakuwa profesa wa Ulaya, alikuwa jirani yetu.

Galula, 1917

Rejimenti mpya ilipitishwa Nyasa na kufikishwa kusini mwa koloni la Wajerumani. Novemba 1916 askari wake walikuwa Songea, wakailinda boma dhidi ya mashambulizi. Mapema mwaka uliofuata Kapteni Max Wintgens, ofisa wa Kijerumani aliyepigana Rwanda kabla ya kurudi nyuma kupitia Tabora, alijitenga na jeshi kubwa akaelekea magharibi, kisha kaskazini. Tomlinson na askari wake wa Rhodesia walitumwa kumfuata. Huko Galula mwindaji akawa mwindwa: Wintgens alikuwa na nguvu zaidi, akawazingira.

Tuangalie hali ya askari aliyekuwa ndani ya mzingo ule. Yuko mbali sana na kwao, katika nchi ya Wabungu ambao hajui lugha yao. Ni wakati wa masika; mito imejaa na njia zimekatika. Mbele yake, nyuma ya bunduki za rashasha, yuko mtu mweusi kama yeye, ambaye naye anadai mshahara kwa bwana wake. Hakuna aliyewaeleza wawili hao wanagombea nini, kwa sababu hawakuwa na kitu cha kugombea. Hata hivyo askari wa rejimenti hawakukimbia. Walishikilia nafasi zao mpaka vikosi vingine vya Waingereza vilipokaribia na Wintgens akaondoka kwenda kaskazini. Mei 1917, akiwa mgonjwa, alijisalimisha kwa Wabelgiji karibu na Tabora, na kundi lake likaendelea kusumbua nchi kwa miezi mingine chini ya Luteni Naumann.

Vitabu vya vita vinauliza kama Tomlinson alikosea kujiweka mbali na msaada. Hilo ni swali la maofisa. Swali letu ni hili: Mbungu wa Galula alipata nini? Safu ya Wintgens iliishi kwa chakula cha vijiji ilivyopita, na waliomfukuza nao walikula. Jeshi lisilo na nyuma yake huifanya nchi yote kuwa ghala lake.

Wasioandikwa katika orodha ya askari

Hapa hatuna budi kuwataja watu ambao hata neno hiari hawakupewa. Hapakuwa na reli wala barabara ya magari ya kutosha kati ya Rhodesia na Tukuyu. Na ng'ombe na nyumbu waliuawa na mbung'o. Kila risasi, kila debe la unga, kila kipande cha bunduki kilibebwa kichwani. Kwa kila askari mmoja wa mstari wa mbele, wapagazi kadhaa walihitajika nyuma yake. Na kadiri njia ilivyorefuka, ndivyo wapagazi walivyobeba chakula cha wapagazi wenzao. Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini waliitwa tenga-tenga. Huku kwetu jina la jeshi lao kwa Kiingereza, Carrier Corps, limebaki Dar es Salaam katika jina la Kariakoo.

Kwa jumla, katika vita vya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi wanaofikia milioni moja, na hesabu zao wenyewe zinakiri vifo zaidi ya 90,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa ya mapafu, njaa na uchovu. Wajerumani hawakuweka hata hesabu ya namna hiyo kwa watu waliowakamata vijijini. Chini ya hiari ya askari, basi, kulikuwa na nguvu tupu. Kanuni ya jeshi la kikoloni ni hii: Mzungu anajitolea, askari mweusi anaajiriwa, mkulima anakamatwa. Ukiitazama ngazi ya kwanza peke yake utaona uzalendo; ukizitazama ngazi zote tatu pamoja utauona ubeberu.

Malipo

Mwishoni mwa Septemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck, baada ya kuzunguka Msumbiji, aliingia tena nchini, akapita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba akaishambulia Fife bila kuiteka. Akasonga hadi Kasama na Mto Chambeshi, na huko ndiko habari za kusitishwa kwa vita tarehe 11 Novemba zilikomfikia. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha chini huko Abercorn akiwa na askari zaidi ya 1,100. Askari hao walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Waliobaki hai walilipwa na Ujerumani Magharibi mwaka 1964, wakiwa wazee. Kabla ya hapo, homa ya mafua ya mwaka 1918 ilikwisha kupita katika nchi iliyodhoofishwa na njaa.

Na askari wa Rhodesia? Rejimenti ilivunjwa baada ya vita. Mwaka 1923 Rhodesia ya Kusini ilikabidhiwa kwa walowezi wajitawale. Mwaka 1930 wakatunga sheria ya kugawa ardhi, ambayo iliwatengea Wazungu wachache karibu nusu ya nchi yote, na iliyo bora. Hayo ndiyo yaliyolipwa kwa ajili ya Songea na Galula. Aliyejitolea kwa maslahi yake alipata ardhi. Aliyejitolea kwa maslahi ya mwingine aliipoteza.

Mwaka 1940, Uingereza ilipoingia vitani tena, jeshi la namna ileile liliundwa upya kwa jina la Rhodesian African Rifles, likapelekwa Burma. Halikuvunjwa baada ya hapo. Baada ya Ian Smith kutangaza uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, kikosi hicho, ambacho askari wake walikuwa Waafrika wa kujiandikisha, kilitumika kupigana na wapigania uhuru wa Zimbabwe, ambao baadhi yao walipata mafunzo hapa Tanzania, katika kambi kama ya Mgagao. Smith naye alisema kwamba askari wake weusi ni wa hiari, na kwamba hiyo ilithibitisha kuwa Mwafrika anamuunga mkono. Uchaguzi wa mwaka 1980 ulimjibu.

Katika miaka hiyohiyo, kwenye njia ileile ya Fife na Tunduma, watu wengine walipita. Agosti 1973 reli ya TAZARA, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina, ilivuka mpaka hapo Tunduma. Januari mwaka huo huo Smith alikuwa ameufunga mpaka wake na Zambia akitumaini kuinyonga. Mwaka 1916 mzigo ulivuka hapo kichwani mwa mpagazi ili Rhodesia ishinde. Mwaka 1973 ulivuka kwa reli ili Rhodesia ishindwe.

Funzo kwa makada

Tunajifunza nini? Kwanza, tusiwahukumu askari wale kama wasaliti. Ni rahisi kwa kijana wa leo kusema, "Mbona walikubali?" Anayesema hivyo anamlaumu mtu kwa kuingia katika mlango pekee ulioachwa wazi. Wala tusiwasifu kwa sifa za bwana wao. Ushujaa wao ulikuwa wao. Sababu ya vita haikuwa yao.

Pili, jeshi haliwi la wananchi kwa sababu askari wake ni wananchi. Sisi wenyewe tulirithi kikosi cha namna hiyo: Tanganyika Rifles, iliyotokana na King's African Rifles. Januari 1964 kikaasi, na serikali ikalazimika kuwaita askari wa Uingereza kukizima. Jeshi la Wananchi lililoundwa Septemba mwaka huo lilijengwa upya, kwa vijana waliojua walichokuwa wakikilinda. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, maelfu ya mgambo waliokwenda kupigana waliijua sababu ya vita kabla ya kupewa bunduki. Hiyo ndiyo tofauti kati yao na askari wa Galula, nayo ni tofauti ya siasa, si ya damu wala ya mafunzo ya kwata.

Tatu, na hili ni chungu zaidi, neno hiari linaweza kuchakaa hata mikononi mwetu. Mwaka 1968 tuliandika kwamba hakuna mtu awezaye kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika operesheni za kuhamia vijijini, zipo sehemu ambako watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa, na taarifa zikaandika kwamba wamehama kwa hiari. Kiongozi anayemtuma mgambo kuwatoa watu majumbani asubuhi ili "wajitolee" kuchimba msingi wa shule anaweza kuipata shule, lakini amelirudisha neno mahali lilipokuwa mwaka 1916. Kipimo ni kimoja: je, mtu anaweza kukataa bila kuumizwa, na je, anajua kazi hiyo ni ya nani?

Mwisho, tunatoa wito kwa makada na wanafunzi wa Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya. Mbozi, Momba, Ileje, Galula na Tunduma kuna koo ambazo mababu zao walichukuliwa kubeba mizigo na hawakurudi. Serikali za kikoloni zilihifadhi majina ya maofisa. Majina ya wapagazi wengi yamebaki katika vinywa vya wajukuu tu. Kazi ya kuyaandika haihitaji amri ya mkoa wala fungu la fedha. Inahitaji daftari, kalamu, na mtu wa kukaa na wazee akawasikiliza. Atakayeifanya kazi hiyo atakuwa amejitolea kweli.